Miwani Haitibu Jicho, Huupeleka Mwanga Mahali Pake

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu macho

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote mkoani Kigoma, kuanzia mwaloni Kibirizi na mitaa ya Ujiji hadi Kasulu na Uvinza, na ingawa kila msomaji ameuliza lake, hofu iliyomo katika nyingi kati yake ni moja: kwamba miwani hulizoesha jicho uvivu, na kwamba anayeivaa leo hataweza kuivua tena. Naanza na barua ya mama mmoja wa Gungu kwa sababu nikimjibu yeye vizuri, nusu ya majibu ya wengine itakuwa imekwisha kutolewa.

"Wanasema macho ya mtoto yatalegea"

*Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto ananakili kutoka daftari la jirani kwa kuwa haoni ubao, lakini akihamishiwa dawati la mbele husoma bila shida. Tulikwenda kupima, akaandikiwa miwani. Baba yake na bibi yake wamekataa. Wanasema macho ya mtoto bado yanakua, akizoea miwani yatalegea, na kila mwaka atadai yenye nguvu zaidi, kwa hiyo ni heri avumilie. Jirani naye amenishauri nimpe mawese kwa wingi. Nifanye nini? — Mama wa Gungu*

Marahaba, mama. Mpe mtoto miwani yake, na aivae. Sababu nitakueleza kwa kirefu, ili uwe na la kuwaambia baba na bibi, kwa maana hofu yao ni ya watu wanaompenda mtoto na haistahili kujibiwa kwa mkato.

Tunaona pale mwanga unapoingia kupitia konea, ule utando mng'avu ulio mbele kabisa ya jicho, ukapita kwenye mboni na lenzi, kisha ukakusanyika juu ya retina, ambayo ni utando mwembamba uliotandikwa ndani, nyuma ya jicho. Konea na lenzi ndizo zinazoupinda mwanga, na konea peke yake hufanya karibu theluthi mbili ya kazi hiyo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na uzuri wa kuona unategemea urefu huo uwiane na nguvu ya kupinda mwanga. Kwa maelezo uliyoyatoa, jicho la binti yako limerefuka kuliko linavyotakiwa, hali ambayo wataalamu huiita mayopia: mwanga unaotoka kwenye vitu vya mbali hukusanyika kabla haujafika kwenye retina, na unapofika umekwisha kutawanyika tena, ndipo herufi za ubaoni zinapokuwa kama wino uliomwagikiwa maji. Urefu wa ziada unaofanya hivyo ni mdogo mno. Milimita 1 hutosha kumfanya mtu ahitaji miwani ya namba 3 hivi, na mwenye namba hiyo hakioni sawasawa kitu chochote kilicho zaidi ya sentimita 33 kutoka usoni pake.

Lenzi anayoandikiwa mtoto wa namna hii imebonyea katikati na ni nene pembeni. Kazi yake ni kuutawanya mwanga kidogo kabla haujaingia jichoni, ili safari ya kukusanyika iwe ndefu zaidi na iishie juu ya retina. Hailigusi jicho, haisukumi msuli wowote, wala haiachi kitu ndani. Mtoto akiivua jioni, jicho ni lilelile la asubuhi.

Ukitaka watu wa nyumbani waone kwa macho yao, azima miwani ya kusomea ya +2.00. Mchana, katika chumba ambacho taa haijawashwa, simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha, uishike miwani hiyo zaidi kidogo ya nusu mita kutoka ukutani, kisha uisogeze mbele na nyuma polepole. Utafika mahali ambapo dirisha litajitokeza ukutani, dogo, limepinduka juu chini, pamoja na nondo zake na mti ulio nje. Ukuta ndio retina. Sasa irudishe miwani nyuma, mbali na ukuta, kwa upana wa kiganja: picha inavurugika, ingawa dirisha liko palepale na kioo ni kilekile. Hilo ndilo jicho la binti yenu. Hakuna uvivu wala ulegevu ndani yake. Ukuta umekuwa mbali tu.

Bibi anasema namba itaongezeka mwaka hadi mwaka, na katika hilo hajakosea, kwa sababu jicho la mtoto wa miaka 9 linaendelea kukua na lenye mayopia huendelea kurefuka, mara nyingi hadi ujana unapokaribia mwisho. Lakini mtoto akibadilishiwa viatu kila mwaka hakuna anayesema kiatu ndicho kilichourefusha mguu. Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2002 watafiti nchini Malaysia walichapisha matokeo ya watoto waliofuatiliwa kwa miaka miwili, baadhi wakiwa wamepewa miwani inayowatosha na wengine wakapewa kwa makusudi yenye nguvu pungufu. Waliopunguziwa ndio ambao mayopia yao iliongezeka haraka zaidi. Kuvumilia, basi, hakumwokoi mtoto na chochote, na kunamgharimu darasa la tatu, la nne na la tano.

Liko jambo moja linalosaidia kweli, hasa kwa wadogo zake ambao macho yao bado ni mazima, nalo ni kucheza nje mchana. Katika mji wa Guangzhou nchini China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walilinganishwa na wenzao ambao hawakuongezewa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu waliopata mayopia walikuwa karibu 30 katika kila 100 upande wa kwanza, na karibu 40 upande wa pili. Watoto wa Gungu bado wana uwanja wa kuchezea. Msiwafungie ndani na simu.

Kuhusu mawese, jirani yako ameshika nusu ya kweli. Mawese mekundu yasiyosafishwa kiwandani yana karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mtoto anayekosa vitamini hiyo hushindwa kuona gizani, hata konea yake inaweza kuharibika. Kwa hiyo aendelee kuyala kwenye mboga kama ambavyo Kigoma imezoea. Ila hakuna mafuta wala karoti inayoweza kulifupisha jicho kwa milimita 1.

Namwomba baba wa mtoto huyu, kwa heshima, apate siku moja ya kwenda shuleni akaketi kwenye dawati la binti yake, kisha aivae miwani ya +2.00 ya mtu mwingine na kuutazama ubao. Ukungu atakaouona, binti yake anauona kila siku.

"Nilinyoosha mkono hadi mkono ukaisha"

*Habari za kazi, daktari. Nina miaka 48, nashona nyavu za dagaa Kibirizi tangu ujana wangu. Mwaka juzi matundu ya wavu yalianza kunichezea, nikawa nanyoosha mkono ili nione, hadi mkono ukaisha. Nikanunua miwani kwa mchuuzi, nikachagua +3.00 nikiamini iliyo kali ndiyo itakayodumu. Sasa nalazimika kuuleta wavu puani, na jioni kichwa kinauma. Nikitazama ziwani nikiwa nimeivaa, milima ya Kongo siioni kabisa, hata siku ya anga safi. Je, imekwisha kuniharibu? — Mshona nyavu, Kibirizi*

Haijakuharibu, ndugu yangu. Imekukosea umbali tu.

Kilichokupata humpata kila binadamu anayejaliwa kufika umri wako, awe mvuvi au profesa. Lenzi iliyo ndani ya jicho, tukiwa watoto, ni laini kama ugali uliotoka jikoni sasa hivi: msuli ulioizunguka ukijikaza kidogo, nyuzi zinazoivuta hulegea nayo inavimba katikati, na jicho linahama kutoka kutazama mbali hadi kutazama karibu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kukiona kidole kilichowekwa sentimita 8 tu kutoka jichoni. Mwaka hadi mwaka lenzi hiyo inakakamaa kama ugali uliolala, na kuanzia miaka 40 hivi haikubali tena kuvimba kwa kutosha. Hali hii inaitwa presbiopia, na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wanaishi nayo bila kuwa na miwani inayowafaa.

Miwani ya kusomea imebinuka katikati, na hufanya ile kazi ya kuvimba ambayo lenzi yako imeshindwa. Ili ujue inakufaa kwa umbali gani, gawanya 100 kwa namba yake. Kwa +3.00 utapata sentimita 33, na huo ndio umbali wa mwisho ambao utaona sawasawa ukiwa umeivaa. Kinachozidi hapo ni ukungu. Wavu uliolazwa mapajani uko kwenye sentimita 45 au zaidi, kwa hiyo umekuwa ukiinama kuufuata umbali ambao miwani imekulazimisha, na maumivu ya kichwa na shingo yametoka huko. Mtu wa miaka 48 ambaye huona mbali vizuri bila miwani kwa kawaida hutosheka na +1.50 hivi, ambayo inafika hadi sentimita 67. Unapoijaribu, usisome gazeti la mchuuzi. Nenda na kipande cha wavu wako na sindano yako, ukae kama unavyokaa mwaloni.

Milima ya Kongo itakuwa na ukungu kwa miwani yoyote ya kusomea, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya karibu. Ishushe puani utazame juu yake.

Siidharau miwani ya mchuuzi, na sipendi wenzangu wanaoizungumza kana kwamba ni sumu, maana kwa mtu mwenye macho mawili yanayolingana inafanya kazi yake kwa bei ambayo mshona nyavu anaimudu. Upungufu wake ni kwamba vioo vyote viwili vina namba moja, ilhali watu wengi jicho la kulia na la kushoto hayalingani, na kwamba mchuuzi hawezi kukupima presha ya jicho. Presha hiyo ikipanda huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaokula uoni wa pembeni kimyakimya bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Ukishapita miaka 40, nenda angalau mara moja hospitali ukapimwe yote, kisha ununue miwani yako unapopenda.

Nakuomba pia uwaambie wenzako walioacha sindano wakidhani miwani ni ya wasomi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam nchini India, wote wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza uzito wa chai waliyochuma kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ambao hawakupewa, na kuchuma chai ni kazi ya vidole na macho kama ilivyo kushona wavu.

Karatasi ambayo hakuna aliyeieleza

*Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu, nina miaka 46. Nilipimwa macho nikapewa karatasi yenye maandishi haya: OD −1.25 / −0.75 × 180, OS −1.00 / −0.50 × 175, ADD +1.50, PD 62. Hakuna aliyenieleza maana yake. Mwalimu mwenzangu anasema namba za kutoa ni ugonjwa na za kujumlisha ni uzee. Miwani yangu ya zamani hunionyesha wanafunzi wa nyuma vizuri, ila nikisahihisha madaftari inanibidi niivue. Je, nina magonjwa mawili? — Mwalimu, Kasulu*

Huna hata ugonjwa mmoja, mwalimu, na inasikitisha kwamba mtu alikaa nawe kwa muda wote wa kupima halafu akashindwa kutumia dakika tano kukueleza. Karatasi hiyo ni mali yako. Tuisome pamoja.

OD na OS ni vifupisho vya Kilatini, *oculus dexter*, yaani jicho la kulia, na *oculus sinister*, jicho la kushoto. Namba inayofuata ni nguvu ya lenzi kwa kipimo kinachoitwa daiopta, neno lililopendekezwa na daktari Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872. Alama ya kutoa inamaanisha lenzi iliyobonyea, kwa mtu asiyeona mbali. Alama ya kujumlisha ni lenzi iliyobinuka. Hakuna alama iliyo mbaya kuliko nyingine. Kwa ile hesabu niliyompa ndugu wa Kibirizi, gawanya 100 kwa 1.25: jicho lako la kulia, bila miwani, huona sawasawa hadi sentimita 80 hivi.

Namba ya pili, −0.75 × 180, ndiyo ambayo watu wengi hawaijui, na inastahili tuikalie kidogo. Konea iliyokamilika imebinuka sawasawa pande zote, kama mpira. Ya watu wengi haiko hivyo. Imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko, kwa hiyo mwanga hauwezi kukusanyika kwenye nukta moja, na mstari uliosimama unaweza kuonekana wazi ilhali uliolala una kivuli. Hii ndiyo astigmatizimu. Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1801 baada ya kuigundua katika jicho lake mwenyewe, na mwaka 1825 mwananchi mwenzake, mwanafalaki George Airy, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa na kasoro hiyo, alibuni lenzi ya kuirekebisha: yenye nguvu upande mmoja zaidi ya upande wa pili. Lenzi yako imeundwa kwa wazo hilohilo. Tarakimu 180 ni mwelekeo ambao mhimili wa nguvu hiyo umelazwa, ukipimwa kwa nyuzi kama unavyopima pembe darasani.

Na kwa kuwa mwelekeo ndio roho ya lenzi hiyo, fremu iliyopinda si suala la sura peke yake. Lenzi ikizunguka kwa nyuzi 10 tu, karibu theluthi moja ya marekebisho ya astigmatizimu hupotea. Ukitaka kuiona nguvu hiyo, ishike miwani mbele yako kwa urefu wa mkono, tazama ubavu wa fremu ya mlango kupitia kioo kimoja, kisha uizungushe kama usukani: kipande cha mlango kilichomo ndani ya kioo kitainama, kikaachana na kilicho nje. Kioo kisicho na astigmatizimu hakifanyi hivyo. Ukiisogeza kushoto na kulia badala ya kuizungusha, kioo kilichobonyea hukipeleka kitu upande uleule unakoenda mkono, na kilichobinuka hukipeleka upande wa kinyume. Kwa njia hiyo hata anayeuziwa miwani gulioni anaweza kujua alichouziwa.

ADD ni nyongeza ya kutazama karibu, ile presbiopia ya kila mtu. Jumlisha −1.25 na +1.50, utapata +0.25, yaani karibu sifuri. Kwa hiyo unapoivua miwani usahihishe madaftari, unafanya kwa mkono kile ambacho karatasi imekiandika kwa hesabu, wala hapana kosa. Kama kuvua na kuvaa mara arobaini kwa kipindi kunakuchosha, omba baifoko, kioo chenye sehemu ya mbali juu na ya karibu chini. Mmarekani Benjamin Franklin alijisifia miwani ya namna hiyo katika barua ya mwaka 1784, akiwa mzee aliyechoka kubadilisha miwani miwili. Wiki ya kwanza uwe mwangalifu kwenye ngazi, maana sehemu ya chini itakufanya uione sakafu kama iliyosogea.

PD 62 ni milimita kati ya mboni na mboni, ili fundi aweke kitovu cha kila lenzi mbele ya jicho lake.

Miwani ya njano usiku

*Naendesha bodaboda Ujiji hadi saa tano usiku. Taa za magari zinanichoma, kila taa ina miale mirefu. Nimeambiwa ninunue miwani ya njano. — Kijana wa bodaboda*

Usinunue, mdogo wangu. Kioo cha rangi hupunguza mwanga unaofika jichoni, na usiku mwanga wenyewe ni haba; utajisikia nafuu huku ukimwona mtembea kwa miguu kwa kuchelewa. Miale mirefu kwenye kila taa mara nyingi ni dalili ya astigmatizimu au mayopia ndogo, ambazo mchana hufichika kwa sababu mboni imejibana na usiku hujitokeza mboni inapotanuka. Pima. Wakati unangoja, badilisha kioo cha helmeti kama kimejaa mikwaruzo, kwa kuwa nacho hutawanya taa vivyo hivyo.

"Babu amerudishiwa macho"

*Shikamoo daktari. Babu yangu ana miaka 71, yupo Uvinza. Kwa miaka ishirini hakuweza kusoma bila miwani. Tangu mwaka jana ameiacha, anasoma Kurani yake mwenyewe asubuhi, na familia nzima tumeshukuru. Ila juzi alinipita njiani mchana kweupe bila kunitambua, akasema jua lilikuwa kali. Je, macho yanaweza kurudi ujana? — Mjukuu*

Marahaba, mjukuu. Natamani ningekuandikia kwamba ndiyo. Kwa maelezo yako, hiki nakishuku kuwa ni mtoto wa jicho unaokomaa. Lenzi ya ndani inapoanza kuwa na ukungu katikati, mara nyingi huwa nzito na kuupinda mwanga zaidi kuliko zamani, hivyo mzee aliyekuwa akihitaji lenzi ya kujumlisha sasa anaibeba ndani ya jicho lake. Anasoma bila miwani, lakini mbali kunapotea. Rangi nazo humfifia na kuingia unjano, jua humchoma, na taa huwa na duara la ukungu. Nafuu ya namna hii haidumu, kwa sababu ukungu huendelea kuongezeka hadi hata maandishi ya karibu yanapotea.

Fanya kipimo kimoja kabla ya safari. Toboa kadi ngumu kwa sindano, mfunike babu jicho moja, mwambie atazame mbali kupitia tundu hilo kwa jicho la pili, kisha ubadilishe. Tundu dogo huruhusu miale michache iliyonyooka tu, isiyohitaji kupindwa, kwa hiyo akiona vizuri zaidi kupitia tundu kuliko bila tundu, sehemu ya tatizo lake ni ya miwani. Asipopata nafuu yoyote, tatizo liko kwenye lenzi yenyewe, au nyuma kwenye retina na mshipa wa fahamu, na hapo miwani mipya ni fedha iliyopotea. Kadi hiyo haimpi mtu uamuzi wa mwisho. Kwa vyovyote mpeleke kliniki ya macho ya hospitali, na muombe apimwe sukari pia, kwani sukari inayopanda na kushuka hubadilisha namba za jicho ndani ya wiki chache.

Ikithibitika ni mtoto wa jicho, hakuna tone la dawa linaloweza kuuyeyusha, wala maji ya majani, ambayo nimeyaona yakiunguza konea za wazee waliokuja kwangu wakiwa na tatizo dogo wakaondoka na kubwa. Tiba ni upasuaji: lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa ya plastiki. Kazi hiyo ina historia ya kutia moyo. Daktari Mwingereza Harold Ridley aligundua wakati wa Vita Kuu ya Pili kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani havikuwadhuru, na mwaka 1949 jijini London akaweka lenzi ya kwanza ya namna hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Mwambie babu mapema kwamba baada ya upasuaji huenda akairudia miwani yake ya kusomea, asije akadhani amepunjwa. Mbali ataona, na wewe njiani atakutambua.

Jicho moja halioni, lingine zima

*Mwanangu wa kiume ana miaka 5. Walipopima watoto, jicho lake la kushoto halikuweza kuona herufi E kubwa ikielekezwa upande wowote, la kulia ni zima kabisa. Hana makengeza, hajikwai. Kwa kuwa anaona vizuri kwa jicho moja, tungoje akue? — Baba, Mwanga*

Msingoje, baba, hata muhula mmoja.

Katika barua zote za mwezi huu, hii ndiyo ambayo muda wake unahesabika. Kuona hujifunzwa na ubongo katika miaka ya kwanza ya maisha, na jicho linalouletea ubongo picha yenye ukungu, huku mwenzake akileta iliyo safi, ubongo hulipuuza. Huitwa jicho vivu, jina ambalo silipendi, kwa kuwa jicho lenyewe mara nyingi ni zima. Ni njia ya kuelekea kwenye ubongo iliyoachwa kupitwa, ikaota majani. Mtoto halalamiki kwa sababu hajawahi kujua kuona kwa macho mawili kulivyo, na ninyi hamtaona dalili yoyote akiwa anacheza. Njia hiyo hufufuliwa kwa urahisi zaidi kabla ya miaka 7 au 8, na baadaye kila mwaka unakuwa mgumu. Nimewahi kumpima kijana wa miaka 16 aliyetaka kuwa dereva, ambaye jicho lake moja lilihitaji lenzi ya +5.00 ambayo hakuna aliyewahi kumpa. Nilipomwekea lenzi hiyo, herufi hazikubadilika, na ilinibidi nimweleze mama yake kwamba miwani hiyohiyo, miaka kumi nyuma, ingeweza kuleta jambo tofauti.

Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii, mkaombe apimwe kwa dawa ya matone inayolegeza msuli wa ndani, kwani mtoto mdogo huficha namba zake kwa kukaza msuli huo. Mboni zitabaki zimetanuka na atakwepa jua kwa siku moja au zaidi, msiogope. Akiandikiwa miwani, aivae tangu anapoamka hadi anapolala. Ikiwa baada ya wiki kadhaa jicho bado liko nyuma, ataongezewa kufunikwa jicho zima, mara nyingi saa 2 kwa siku, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile lingine. Saa hizo 2 atalia na kuivuta plasta. Kaeni naye, mpeni kazi ya macho ya karibu, kuchambua mawe kwenye mchele, kupaka rangi picha, kutunga shanga, na tarehe ya kurudi kupimwa iandikeni ukutani mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.